Sanduku la Wajir Kwenye Ardhi ya Garissa

Siku niliyokabidhi funguo za kabati la sajili, Ubah, ambaye ndiye aliyechukua kiti changu, aliniuliza kwa nini vitabu vyetu vya wanachama vina safu ya visima. Alikuwa akiyaingiza majina kwenye kompyuta, na safu hiyo ilikuwa haina pa kukaa. Nikamwambia jibu lake ni refu. "Basi liandike, Edo," akasema, "maana ukishaenda shambani simu yako haitashika." Edo ni shangazi kwa Kisomali. Ofisi nzima iliniita hivyo kwa miaka mingi ingawa mimi si Msomali, na hilo la simu ni kweli. Kwa hiyo nimeandika, na nimewaandikia ninyi mtakaoendesha michujo ya chama baada yangu. Nani alipandishwa cheo na lini, hayo yamo kwenye mafaili.

Mimi ni Mmunyoyaya wa kando ya Tana, watu wa migomba na mahindi. Tu wachache. Wakati wa kampeni magari ya wagombea hupita kwetu bila kupunguza mwendo, kwa sababu hata tukijumlishwa sote hatumpi mtu ushindi wala hatumnyimi. Ndiyo sababu nilipata kazi. Mzee Dubow, karani mkuu wa sajili, hakuniuliza chochote kuhusu masomo yangu. Aliniuliza watu wangu wana kura ngapi Garissa. Nikamjibu kwamba hazitoshi kugombaniwa. Akasema, "Vizuri. Kaa hapo." Akanisukumia kalamu na kitabu chenye jalada gumu.

Mzee Dubow alikuwa mtu wa Masalani, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Alisema "fituo" badala ya vituo na "beni" badala ya peni, na sikumbuki mtu aliyethubutu kumcheka. Wakati huo Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa bado mkoa mmoja, na vitabu vyote vilikaa kwake. Chama chetu tangu hapo kimebadilisha jina mara tatu na alama mara nne. Kwa muhula mmoja tulikuwa birika. Vitabu ni vilevile. Tulikuwa tunagonga muhuri mpya juu ya ule wa zamani.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kunakili majina ya wanachama wa soko la mifugo. Nilimaliza kabla ya adhuhuri, nikajisifu moyoni. Mzee Dubow aliutazama ukurasa wangu, akaniuliza huyu Mohamed Abdi wa mstari wa tatu ni nani. Nikasema ni Mohamed Abdi. Na wa mstari wa sita? Na wa tisa? Hakunikemea. Alinipa kitabu, akanituma sokoni nikawatafute akina Mohamed Abdi wote, nirudi nimeshawatenganisha. Nilirudi alasiri nikiwa na vumbi hadi kwenye kope, na nikiwa na majina ya utani: Kigugumizi, Mkono wa Kushoto, Aliyekosa Basi. Alifurahishwa sana na Aliyekosa Basi. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kila mtu huandikwa majina matatu, jina la utani, jina la mama, na kisima.

Kisima alikieleza hivi. Ukimwuliza mfugaji anaishi wapi, atakujibu kwa adabu, na jibu litakuwa la kweli hadi mvua ijayo. Muulize ananywesha wapi kiangazi kikiwa kibaya. Mtu anaweza kuhama mara kumi kwa mwaka, lakini kisima cha kiangazi kibaya hakibadiliki, maana hapo ndipo ana haki ya kuteka: babake alichimba, au mjomba wake, au alioa huko. Kwa mtu wa mto tuliandika shamba na mfereji. Kwa mtu wa mjini tuliandika msikiti anaoswali Ijumaa. Kwa walimu na wauguzi kutoka bara tuliandika tu "likizo hayupo", na mchujo ukipangwa mwezi wa likizo tulijua tayari kura zipi zimepanda basi la Nairobi.

Vifaa vyetu havikuwa vya kujivunia. Kidau cha wino wa kidole kilichokauka kwa joto, ukitie tone la maji, si mate, hata kama umechelewa. Masanduku ya bati ya kuwekea vitabu ili mchwa wasivile. Kufuli mbili kwa kila sanduku la kura, funguo kwa watu wawili wasiopendana. Rula ya chuma ya kufunikia ukurasa, ili mtu anayejibu maswali asisome jibu. Rula hiyo bado iko kwenye droo ya kushoto; msiitumie kufungulia soda.

Mchujo wangu wa kwanza nje ya ofisi ulikuwa Masalani. Kituo kilikuwa kimewekwa ng'ambo ya mto, mahali pazuri penye kivuli, na ilikuwa wiki ya mavuno. Mitumbwi yote ilikuwa inabeba mahindi. Wafugaji waliokuwa upande wa kituo walipiga kura wakamaliza saa nne asubuhi. Akina mama wa mashambani walikaa ukingoni na kadi zao mkononi wakingoja mitumbwi ipungue mzigo, na walipovuka, kituo kilikuwa kimefungwa. Mgombea wao, ambaye kila mtu alijua atashinda, alishindwa. Magazeti yaliandika kwamba Masalani imegeuka. Masalani haikugeuka. Masalani ilikuwa inavuna. Mzee Dubow alinikataza kuliita jambo hilo bahati mbaya. Alisema ukitaka kujua mchujo utakwendaje, usianze na wagombea, anza na kuuliza watu wako wapi wiki hiyo.

Alifariki kabla ya kuona kaunti. Tulimzika kwao Masalani, na nilirithi meza yake. Mikoa ilipovunjwa, vitabu viligawanywa: vya Wajir vikaenda Wajir, chini ya Abdinoor, mtu mtaratibu asiyejibu simu kabla ya mlio wa sita, ambaye Mzee Dubow alimfundisha kama alivyonifundisha mimi. Vya Garissa vikabaki kwangu. Tulitengana na Abdinoor kwenye makaratasi tu. Kila wiki nilimpigia simu tukalinganisha waliohama, waliokufa na waliooa.

Sasa nifike kwenye kisa kinachomjibu Ubah, kile cha mchujo wa urais.

Chama kilikuwa na wagombea wawili. Mmoja aliwahi kuwa mkuu wa shule, watu wakamwita Mwalimu. Mwingine alikuwa na magari ya mizigo, wakamwita Malori. Wote wawili hawakuwa wa kwetu. Kanuni ilikuwa kwamba kila kaunti inapiga kura yake, na anayeongoza katika kaunti anachukua wajumbe wote wa kaunti hiyo. Garissa ilikuwa na wajumbe zaidi kuliko Wajir. Siku ya kura ilikuwa moja kwa kaunti zote mbili.

Mtu wa Nairobi akitazama ramani huona Garissa na Wajir ni kitu kimoja: mchanga, ngamia, Waislamu, Wasomali. Huku ndani si hivyo. Garissa ina mji mkubwa, wenye maduka ya jumla na vijana wa usafirishaji, na hao walikuwa wa Malori bila kusita. Ina wakulima wa mto, ambao siku zote hugawanyika. Ina Dadaab na kambi zake za wakimbizi kutoka Somalia, watu wengi mno wasio na kura hata moja, lakini ambao maduka yao na visima vyao huvuta kila mtu. Wajir ni ya wafugaji kuliko sisi, na wafugaji walikuwa wa Mwalimu kwa sababu aliahidi visima vya mashine, na alipozungumza alitaja visima hivyo kwa majina. Lakini mji wa Wajir wenyewe, wafanyabiashara na watumishi, ulikuwa wa Malori. Kwa hiyo Wajir ilitegemea wafugaji wake wajitokeze.

Na hawakuwepo. Vuli ilikuwa imekosa mvua kwa mara ya pili. Mabwawa ya kusini mwa Wajir yalikauka, na wafugaji wa huko walishuka na ngamia wao wakavuka mpaka hadi upande wetu, kaskazini ya kambi ya Dagahaley, palipokuwa na kisima cha mashine kinachofanya kazi. Nilikwenda kuwaona wiki mbili kabla ya mchujo. Nilitembea katikati ya vibanda vyao na orodha mkononi, na kila niliyemuuliza kisima alinitajia cha Wajir. Ilikuwa kama mtu amekishika kitabu cha Abdinoor akakitikisa, kurasa zikaangukia kwangu.

Nieleze kwa nini hilo lilikuwa zito. Watu hao wangeweza kuhesabiwa kwa namna tatu. Wakikataliwa kupiga kura Garissa, na nyumbani hawapo, Wajir ingebaki na watu wa mjini, na Malori angechukua kaunti zote mbili. Wakipiga kura pamoja na watu wa Garissa, Garissa ingemwendea Mwalimu na wajumbe wake wengi, ila Wajir ingempotea. Na wakipiga kura Garissa lakini wakahesabiwa Wajir walikoandikwa, kila kaunti ingekwenda kulingana na watu wake. Watu ni walewale, mioyo ni ileile. Kilichobadilika ni kitabu gani kimefunguliwa mbele yao.

Niliwaandikia makao makuu kuomba mwongozo. Jibu lilikuja baada ya siku tano, nalo lilikuwa maneno mawili: "Tumia busara." Nililichapisha nikalitia kwenye faili. Barua ya namna hiyo huandikwa ili mambo yakiharibika, busara iwe yako na si yao.

Mwenyekiti wetu wa Garissa, Haji Bashir, alikuwa mtu wa Malori. Alikuja ofisini, akaniuliza habari za mashamba na watoto, kisha akasema wageni wakapige kura kwao. Nikamwambia kwao ni mbali na ngamia hawaachwi. Akasema basi hiyo ni bahati yao. Kesho yake alikuja Yusuf, wakala wa Mwalimu kwa Garissa, kijana mwenye elimu nzuri ya sheria. Yeye alitaka niwaandikishe wale watu upya, Garissa, haraka haraka. Aliniambia kwamba mtu ni wa pale alipolala. Nitakiri jambo moja hapa kwa kuwa nimeshastaafu: mimi mwenyewe nilimpenda Mwalimu. Yusuf alipoondoka nilikaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kanuni ya uandikishaji ilikuwa na ufa wa kutosha kupitisha jambo hilo, na hakuna ambaye angenilaumu ila Haji Bashir, ambaye angenilaumu kwa vyovyote.

Kilichonizuia hakikuwa ushujaa. Nilifikiria masika. Mvua ikinyesha wangerudi kwao Wajir, na majina yao yangebaki kwangu. Mwaka unaofuata, wakati wa kugawa nafasi za chama, Wajir ingeambiwa watu wake ni wachache, na wao huko wangeambiwa si wa huko. Ningekuwa nimewahamisha kwa kalamu watu ambao ukame wenyewe uliwahamisha kwa muda tu.

Nikampigia Abdinoor. Mlio wa sita akapokea. Nilimwambia nataka kitabu chake cha kusini kije Dagahaley siku ya kura, pamoja na sanduku la Wajir, na lihesabiwe kama kituo cha Wajir. Akanikumbusha kwamba kitabu hakitoki nje ya kaunti bila sahihi za mawakala wa wagombea wote wawili, na yule wa Malori huko Wajir alikuwa ameshasema hatatia sahihi akiwa hai. Tulifikiri kidogo. Nikamwuliza kama kanuni inakataza wakala mwenyewe kusafiri na kitabu. Abdinoor akaenda kuisoma. Haikukataza. Ndivyo wakala wa Malori wa Wajir alivyokuja Garissa alfajiri ya siku ya kura, amekaa kiti cha mbele cha Land Cruiser, kitabu mapajani, Abdinoor kiti cha nyuma, na hakumruhusu mtu mwingine kukigusa kitabu tangu walipoondoka. Alitia sahihi alipofika, kwa sababu kwa maoni yake kitabu hakikuwa kimemtoka mikononi.

Tulifunga turubai kati ya gari na uzio wa kisima. Masanduku yalikuwa mawili, la Garissa kushoto na la Wajir kulia, kila moja na foleni yake. Foleni ya kulia ilikuwa ndefu mara nyingi zaidi. Hatukuwa tumeanza hata kidogo Haji Bashir alipofika na magari mawili. Alisimama mbele ya meza yangu.

"Hadija, hawa ni watu wa kambi," akasema. "Unawapigisha kura wakimbizi."

Alisema kwa Kiswahili, si kwa Kisomali, na kwa sauti. Alitaka wale askari wawili kutoka bara wasikie. Foleni nayo ilisikia. Mwajua maana yake hapa kwetu: mtu akiitwa mkimbizi mbele ya askari, hana kitambulisho cha kutosha kumwokoa hadi kesho yake. Wanaume kadhaa walianza kujitoa kwenye mstari taratibu, kama watu waliokumbuka wana kazi kwingine. Mmoja wa askari alisogea karibu nami, akauliza ni kweli?

Nilijua nikianza kubishana, foleni itakwisha. Nilivuta kiti cha pili nikakiweka kando yangu. Nikamwambia Mwenyekiti akae asikie mwenyewe, na askari naye akae, na ikiwa mtu mmoja hatajibu sawasawa na kitabu, tutafunga. Haji Bashir alikuwa mtu wa heshima zake. Asingeweza kukataa kiti mbele ya watu. Akakaa.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mwembamba, Kaltuma, aliyekuwa amesimama mbele ya foleni tangu tunashusha turubai. Alinipa kitambulisho na kadi ya chama. Abdinoor akafunika ukurasa kwa rula. Nikamwuliza kwa Kisomali jina la mama yake, akalitaja. Jina lake la utani, akasita kidogo, akalitaja, na wanawake nyuma yake wakacheka. Kisha kisima cha kiangazi kibaya.

"El Dabley," akasema. "Shimo la tatu upande wa magharibi, alilochimba baba wa mume wangu. La pili limebomoka, abaayo, kama umeandika la pili, futa."

Abaayo ni dada. Abdinoor akaondoa rula. Kitabuni palikuwa pameandikwa El Dabley, shimo la tatu, kwa mwandiko wa Mzee Dubow, wino umeshageuka kahawia. Nikamsogezea Haji Bashir asome. Aliinama akasoma. Baadaye nilikuja kujua kwamba mjomba wake aliwahi kunywesha El Dabley, na yeye mwenyewe akiwa mdogo alikuwa ameteremka kwenye mashimo yale. Hakusema neno kuhusu wakimbizi tena. Alibaki kwenye kiti hadi wa kumi au wa kumi na mbili, akisikiliza visima, na mara moja alimsahihisha mzee mmoja aliyejibu sawasawa ila akakosea jina la bwawa la jirani. Waliojitoa kwenye foleni walirudi.

Ningependa kuishia hapo, maana hapo ndipo watu hupenda nikiisimulia. Lakini nyuma ya Kaltuma, watu wachache baadaye, alikuja binti yake Fardosa. Alikuwa mwanamke mzima, mwenye mtoto mgongoni. Alinipa kadi ya chama. Nikamwuliza kitambulisho. Hakuwa nacho.

Kaltuma akarudi mezani akaeleza, na hakuficha. Katika ukame mmoja wa zamani, Fardosa akiwa mdogo, alimpeleka Dagahaley akamwandikisha kama mtoto wa wakimbizi ili apate mgao. Alama za vidole zikachukuliwa. Mtoto akala, akapona. Alipofikisha umri na kwenda kuomba kitambulisho, mashine ilisema ni mkimbizi. Tangu hapo walikuwa wakiambiwa wasubiri kamati. Kadi ya chama alipewa kwa neno la mama yake, miaka ambayo tulikuwa tunakubali neno la mama.

Kitabuni alikuwemo: Fardosa, binti Kaltuma, El Dabley. Majibu yake yote yalikuwa sawa. Yusuf, aliyekuwa amesimama nyuma yangu kama wakala, aliinama sikioni mwangu akasema ni kura moja tu, na hata Mwenyekiti hapingi. Kweli Haji Bashir alikuwa ametazama pembeni. Lakini kanuni ya siku ya kura ni kitambulisho, na wakala wa Malori wa Wajir alikuwa ameshaweka kidole juu ya mstari ule. Ningempitisha, angeomba sanduku zima lifutwe, na angepewa. Nilimwambia Fardosa kwamba sitaweza.

Hakulia wala hakupandisha sauti. Alimrekebisha mtoto mgongoni, akasema: "Kitabu chako kinasema mimi ni wa Wajir. Kambi inasema mimi ni wa Somalia. Mpaka pekee niliovuka maishani ni huu wa Garissa, na nilivuka nikifuata ngamia."

Nilimwita anayefuata. Abdinoor alichukua kalamu, akaniandikia mistari mitatu iliyofuata.

Matokeo yalikuwa kama hesabu ilivyoonyesha. Garissa ilimwendea Malori, Wajir ikamwendea Mwalimu, na bila sanduku lile la Dagahaley asingeipata. Wiki hiyo nililetewa barua mbili za malalamiko siku moja. Ya Haji Bashir ilisema nimeipoteza Wajir kwa makusudi. Ya Yusuf ilisema nimeipoteza Garissa kwa makusudi. Nilizitoboa matundu nikazitia faili moja, moja juu ya nyingine, nikanywa chai.

Kisha viongozi wa Nairobi wakaketi na viongozi wa vyama vingine, wakatia sahihi muungano, na chama chetu kikatangaza kwamba hakitakuwa na mgombea wa urais. Si Mwalimu, si Malori. Tulisikia redioni kama watu wengine. Abdinoor alinipigia, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaniuliza afanye nini na lile sanduku. Nikamwambia alifunge kwa kufuli mbili kama kanuni inavyotaka. Akasema ufunguo mmoja uko kwa wakala wa Malori, ambaye naye hataki tena kusikia habari za Malori.

Niliona si haki wale watu wasikie habari hiyo njiani. Nilikwenda Dagahaley. Masika yalikuwa yamefika siku chache kabla, ardhi ilikuwa na harufu, na wao walikuwa wanavunja vibanda. Nilimkuta Kaltuma akifunga mikeka juu ya ngamia wa mizigo. Fardosa alikuwa upande wa pili wa ngamia huyohuyo, akivuta kamba. Nikawaeleza: mliyempigia kura hatagombea, wala yule mwingine. Nilieleza muungano kadiri nilivyouelewa, na sikuuelewa sana. Kaltuma alisikiliza huku akikaza fundo.

"Na kitabu?" akauliza. "Kipo?"

Nikamwambia kimerudi Wajir, kiko kabatini.

"Jina la Fardosa umelikata?"

Kamba ya upande wa pili iliacha kuvutwa.

Nilipaswa kulikata. Kanuni inasema mwanachama asiye na kitambulisho, akigunduliwa, jina lake hupigwa mstari kwa wino mwekundu na karani anayesimamia kituo. Karani huyo nilikuwa mimi. Jioni ya siku ya kura, kabla ya kitabu kufungwa, nilikuwa nimeufungua ukurasa ule na kalamu nyekundu mkononi. Badala yake nilichukua penseli ya Abdinoor, nikaandika neno moja ukingoni. Niliwaambia sijalikata, na niliwaambia nilichoandika. Kaltuma alitikisa kichwa kukubali, akampigia ngamia ulimi asimame. Kamba ikaanza kuvutwa tena.

Hiyo ndiyo sababu ya safu ya visima, Ubah. Itafutie nafasi kwenye kompyuta yako. Kamati ya vitambulisho bado haijamfikia Fardosa. Mara ya mwisho kuuliza, niliambiwa faili liko njiani. Ukikiomba kitabu cha kusini kwa Abdinoor, utaona kwenye ukingo wa mstari wake mwandiko wangu: "Asubiriwe." Penseli hufifia kwa joto la Wajir. Ukiikuta imefifia, iandike tena.